Filamu za kale za tiba: Nani ana ruhusa ya kuzitumia?

FILAMU za kale za tiba ni zile zilizotengenezwa karne iliyopita kuwafunza madaktari, wauguzi au umma kuhusu maradhi na kinga yake. Kwa miaka mingi zilihifadhiwa ng'ambo, mbali na macho ya mkazi wa Kitui au Makueni. Intaneti imezileta karibu, ingawa si kila inayotazamwa bure huwa ni ruhusa kuinakili.

Chimbuko

Miongoni mwa miradi ya mwanzo Afrika Mashariki ni Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa kati ya 1935 na 1937 kutoka Vugiri, Tanganyika. Chini ya Meja L. A. Notcutt, na kwa ufadhili wa Carnegie Corporation ya Marekani, ulitoa filamu 35. Lori lenye mitambo lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, sauti ikitoka kwenye santuri. Zinazojulikana kusalia ni tatu tu. Mojawapo, Tropical Hookworm ya 1936, yahusu safura, na imo katika orodha ya tovuti ya Colonial Film iliyozinduliwa 2010.

Leseni

Maktaba ya Wellcome ya London iligeuza filamu zaidi ya 450 kuwa za kidijitali, jumla ya saa 100 hivi, na kuzitoa kwa leseni ya Creative Commons. Yeyote aweza kunakili na kuhariri, mradi ataje chanzo na asifanye biashara. Leseni nyingine za aina hiyo hukataza kubadili lolote, hivyo ni lazima masharti yasomwe kwanza.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda filamu kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, kwa kutegemea tarehe iliyo ya mwisho.

Faida kwa Ukambani

Historia ya afya ya eneo hili ni nzito. Makueni, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi 1992, ilifyekwa vichaka miaka ya 1940 ili kuangamiza mbung'o na kuwapa watu makazi. Kitui ilikumbwa na mlipuko wa kala-azar mwaka 1952 na 1953. Ugonjwa huo huvimbisha wengu na huua usipotibiwa. Baadaye watafiti waliuhusisha na usubi wanaojificha katika vichuguu.

Mwalimu wa afya aweza kuchukua filamu yenye leseni huru, akatia maelezo ya Kikamba na kuwaonyesha wanakijiji. Hata hivyo, ni sharti aeleze kwamba dawa za wakati huo huenda zimeachwa, na kwamba filamu za kikoloni zilimwonyesha Mwafrika kwa jicho la mtawala.

Heshima ya mgonjwa

Waliopigwa picha wakiwa wagonjwa, pengine bila kuombwa idhini, huenda wangali hai, au wana wajukuu watakaowatambua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Kumalizika kwa hakimiliki, basi, hakumalizi haki ya mgonjwa kusitiriwa. Panapo shaka, ni bora sura ifichwe na wazee wa kijiji waulizwe kabla ya filamu kuonyeshwa hadharani.