Kutoka Mihuu hadi Athens: Safari ya Anne Wafula Strike

Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki, tunatenga kurasa chache kwa historia yetu. Wengi wetu tulilelewa na simulizi za Chetambe, mahali ambapo babu zetu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Mwaka huu tumechagua historia ya karibu zaidi, ya mtu ambaye baadhi ya wasomaji wetu ni rika lake. Tumeichagua kwa sababu inagusa moja kwa moja kazi ambayo harambee hii inaichangia.

Anne Wafula alizaliwa Mihuu, hapa kwetu Webuye, mwishoni mwa miaka ya 1960. Alizaliwa mzima na akatembea kama watoto wengine. Alipofika umri wa miaka miwili na kitu alishikwa na homa, na homa ilipoisha miguu yake haikuwa na nguvu tena. Ilikuwa polio.

Inafaa tuueleze ugonjwa huu, maana vijana wetu wengi hawajauona. Virusi vya polio huingia kwa njia ya mdomo, kupitia maji au chakula kilichoguswa na kinyesi. Watu wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote. Katika kila watu 200 wanaoambukizwa, kama mmoja hivi hupooza bila kupona. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kupita kijiji kizima na kumwangusha mtoto mmoja tu, katika nyumba moja tu. Kwa watu waliouona ukifanya hivyo bila kujua kuna virusi, lilikuwa jambo la kutafutiwa mchawi. Chanjo ya sindano ilikuwapo duniani tangu 1955, na ile ya matone ilifuata miaka michache baadaye, lakini mpango wa taifa wa kuchanja watoto wa Kenya ulianza 1980. Watoto wa miaka ya 1960 na 1970 katika vijiji kama vyetu walikuwa wamekwisha kupitwa.

Anne mwenyewe ameeleza hadharani kilichofuata, na pia katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2010. Majirani waliamini kwamba familia ile ilikuwa imelaaniwa. Mtoto aliyejikokota chini alionekana kuwa mkosi, na familia ikalazimika kuondoka. Baba yake alikuwa mwanajeshi, akawachukua wakaishi naye kambini karibu na Nairobi. Haya si mambo ya kupendeza kuchapisha katika kijitabu cha nyumbani, lakini yalitendeka nyumbani. Daftari la hesabu lenye ukurasa wa mapato peke yake halimsaidii mtu yeyote, na historia ni vivyo hivyo.

Elimu ndiyo iliyombeba

Baba hakumficha mtoto wake ndani ya nyumba, jambo ambalo wakati ule lilikuwa la kawaida. Alimpeleka shule. Anne alisoma Joyland, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo iliyoko Kisumu, akiwa na vyuma vya miguu na magongo. Mama yake alifariki Anne akiwa bado msichana mdogo. Masomo hayakukatika. Aliendelea hadi Chuo Kikuu cha Moi, akahitimu shahada ya ualimu, akawa mwalimu.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Kabla hajajua kiti cha mbio kinafananaje, alikuwa amekwisha kushinda mbio ndefu kuliko zote: kufika darasani, kukaa darasani, na kumaliza. Na aliimaliza mbali na Mihuu, kwa sababu shule iliyojengwa kwa mtoto kama yeye ilikuwa Kisumu.

Akiwa mwalimu aliolewa na mwalimu Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kenya, na mwaka 2000 wakahamia Uingereza, wakaishi Harlow katika jimbo la Essex. Huko ndiko alikoanza mazoezi, na mwaka 2002, akiwa mama na umri umepita miaka 30, akaingia katika mbio za viti vya magurudumu.

Kiti cha mbio

Mbio hizi zina historia yake. Daktari Ludwig Guttmann alianzisha michezo ya walemavu katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1948, akiwatibu wanajeshi waliojeruhiwa uti wa mgongo. Michezo ya kwanza inayohesabiwa kuwa ya Paralimpiki ilifanyika Roma mwaka 1960, na mbio za viti zikaingizwa Tokyo mwaka 1964. Siku hizo watu walikimbia kwa viti vya kawaida vya hospitali.

Kiti cha leo ni kitu kingine kabisa. Kina magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma, yaliyoinamishwa ili vichwa vyake vikaribiane, na dogo moja mbele, mwishoni mwa chuma kirefu. Mwanariadha hukaa au hupiga magoti akiwa ameinama sana. Hashiki gurudumu, analipiga. Mikononi huvaa glavu ngumu, na kila pigo hutua kwenye pete iliyofungwa ubavuni mwa gurudumu. Nguvu yote hutoka mabegani na mikononi. Wanariadha hupangwa kwa madaraja kulingana na uwezo wa mwili: T53 ni wale ambao misuli ya kiwiliwili haiwasaidii, T54 ni wale ambao inawasaidia.

Kiti kama hicho hugharimu maelfu ya pauni, na hutengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja. Hapa ndipo tunapoona kwa nini nchi inayosifika duniani kwa mbio haikuwa na jina katika mbio hizi. Kenya ilishiriki Michezo ya Paralimpiki kwa mara ya kwanza Heidelberg, mwaka 1972. Tumepata mashujaa, kama Henry Wanyoike, asiyeona, aliyeshinda dhahabu ya mita 5000 Sydney mwaka 2000, kisha dhahabu mbili Athens mwaka 2004, za mita 5000 na mita 10,000. Mkimbiaji asiyeona huhitaji viatu, kamba na mwenzake wa kumwongoza. Mkimbiaji wa kiti huhitaji kwanza chombo ambacho bei yake ingejenga nyumba kijijini.

Mwaka 2004, huko Athens, Anne Wafula Strike aliingia uwanjani akiwa amevaa rangi za Kenya. Alikuwa mwanariadha wa kwanza wa mbio za viti kutoka Afrika Mashariki kushiriki Paralimpiki. Hakurudi na medali. Lakini mtoto aliyeondolewa Mihuu kwa kuitwa mkosi ndiye aliyebeba jina la nchi mahali ambapo hakuna mwenzetu aliyewahi kulibeba.

Suala la jezi

Mwaka 2006 alipata uraia wa Uingereza, akaanza kukimbilia nchi hiyo. Wapo waliolalamika. Tukumbushane tu sheria ilivyokuwa: Katiba ya zamani haikumruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mlango huo ulifunguliwa na Katiba ya 2010. Mazoezi yake, vifaa vyake na familia yake vilikuwa Uingereza. Hata hivyo hakukata kamba ya nyumbani. Alianzisha taasisi yenye jina lake, Olympia-Wafula, ya kuwatetea watu wenye ulemavu, Kenya ikiwamo. Mwaka 2014 alitunukiwa nishani ya MBE na Malkia wa Uingereza.

Mwishoni mwa 2016 alikuwa akisafiri kwa treni huko Uingereza, na choo pekee ambacho angeweza kukitumia kilikuwa kimeharibika. Akajikojolea kwenye kiti. Wengi wetu tungelizika jambo kama hilo. Yeye alilitangaza kwenye magazeti, na watoa huduma wakalazimika kujibu. Aliona kwamba aibu si ya mtu mwenye ulemavu. Ni ya aliyeacha choo kibovu.

Kazi iliyo mbele yetu

Hapo ndipo historia hii inapotufikisha kwenye harambee yetu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufikia shule na majengo ya umma. Haki hiyo imeandikwa. Lakini katika shule zetu za msingi, vyoo vingi bado vina ngazi mlangoni, mlango mwembamba na shimo sakafuni. Mtoto wa kiti cha magurudumu hawezi kuingia. Anachofanya ni kutokunywa maji tangu asubuhi, au kubaki nyumbani. Mara nyingi hubaki nyumbani.

Mchango wa mwaka huu utatumika kwa mambo matatu: vyoo vyenye mlango mpana na vyuma vya kushikilia, njia za mteremko za kuingilia madarasani, na sakafu iliyosawazishwa kutoka lango la shule hadi darasani. Hakuna kifaa cha kuagizwa ng'ambo. Ni saruji, mchanga, mabomba na mafundi wetu wenyewe. Kila shilingi itaonekana katika mahesabu yatakayosomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu, risiti zikiwa mezani.

Hatuchangi ili kutafuta bingwa mwingine. Wapo watoto majumbani mwetu leo ambao hawatakimbia Athens wala popote, na ambao wanastahili tu kusoma karibu na mama zao, wasilazimike kwenda mbali na nyumbani ili waitwe wanafunzi. Toa ulicho nacho, na ukimjua mtoto wa namna hiyo ambaye hajaandikishwa shule, tuletee jina la kijiji chake. Kamati itamfuata.