Karata tatu ndani ya simu: swali la «atarudi?» limetoka mbali

Mama mmoja wa hapa Nyangezi alinikuta sokoni, akanivuta pembeni, akafungua simu yake. Ndani mulikuwa picha ya karata tatu zilizopangwa juu ya kitambaa cheusi. Ya kwanza ilikuwa na moyo mwekundu uliochomwa na panga tatu, na mvua inanyesha nyuma yake. Ya pili, mtu wa joho jekundu anatembea usiku na fimbo, ametupa mgongo, ameacha vikombe vinane nyuma yake. Ya tatu, mwanaume anasukuma mtumbwi. Ndani ameketi mwanamke aliyejifunika, na mtoto kando yake, na panga sita zimesimama mbele yao.

«Ndugu mutangazaji, wewe ulisoma. Niambie: atarudi ao hatarudi?»

Bwana yake aliondoka mwezi wa 2 mwaka 2025, siku zile M23 walipoingia Bukavu na watu kwa maelfu wakashuka kuelekea bonde na kuvuka Ruzizi kwenda Burundi. Lakini hata mbele ya vita nyumba ilikuwa imekwisha pasuka. Waligombana, bwana akahamia kwa ndugu yake, na kwa majuma mengi hawakusemeshana. Kwa hiyo mama huyu hajui alikimbia risasi ao alimkimbia yeye. Alituma dola tano kwa simu kwa mtu asiyemjua sura, naye akamrudishia ile picha na sauti ya dakika nne: bwana angali anakupenda, ila kuna mwanamke wa karibu na nyumba yako amemfunga. Kumfungua ni dola ishirini.

Nilimwomba siku chache nisome. Haya ndiyo niliyopata, na amekubali niyaandike bila jina lake, kwa sababu anajua si yeye peke yake.

Picha zile tatu si za zamani sana. Zilichorwa na mwanamke mmoja, Pamela Colman Smith, na zilitolewa London mwaka 1909 na nyumba ya vitabu ya Rider. Aliyemwagiza kazi aliitwa Arthur Edward Waite. Karata zote ni 78: 22 zenye picha kubwa kama Wapenzi, Mwezi, Mauti, Jua, na 56 nyingine zilizogawanywa katika vikombe, panga, fimbo na sarafu. Karata hizi huitwa taroti. Mama aliniambia kwamba katika ile ya mtumbwi aliona Ruzizi, na yule mwanamke aliyejifunika ni yeye. Sitamcheka. Nilipoitazama mara ya kwanza, mimi pia niliona Ruzizi.

Hapo mwanzo karata zilikuwa mchezo tu. Zilifika Ulaya katika miaka ya 1300 na kitu, zikitoka Misri ya masultani wa Mamluki. Pakiti moja ya namna ile ingali imehifadhiwa Istanbul, nayo ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Karibu na mwaka 1440, Italia ya kaskazini, watawala wa Milano na Ferrara waliongeza karata zenye picha kubwa. Zile zilikuwa za kushinda nyingine mezani, kama vile turufu katika mchezo wetu. Matajiri walizichorea dhahabu. Kwa zaidi ya miaka mia tatu watu walizicheza, wakapoteza makuta, wakagombana, wakaenda kulala. Kutafuta ndani yake habari za mpenzi aliyeondoka ni desturi iliyokuja nyuma sana.

Mambo yalibadilika Paris mwaka 1781. Mchungaji msomi, Antoine Court de Gébelin, aliandika katika kitabu chake kikubwa kwamba karata hizi ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale, kilichofichwa ndani ya mchezo ili kisipotee. Wakati ule hakuna mtu ulimwenguni aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Champollion alifumbua jinsi ya kuyasoma mwaka 1822, miaka 41 baadaye. Kwa hiyo yule bwana aliandika bila kuweza kusoma hata mstari mmoja wa watu aliowataja. Karata zilipitia Misri kweli, lakini Misri ya masultani, na kwa mchezo.

Uongo mzuri hupata mnunuzi haraka. Mtu mwingine wa Paris, Jean-Baptiste Alliette, alikuwa amekwisha toa kitabu mwaka 1770 juu ya kutabiri kwa karata za kawaida. Jina lake la kazi lilikuwa Etteilla, yaani jina lake mwenyewe lililogeuzwa kinyumenyume, jambo ambalo lingetosha kumwonya mteja. Aliichukua habari ya Misri, akaandika vitabu vya taroti kuanzia 1785, kisha akatoa pakiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kutabiri peke yake. Akafundisha wanafunzi. Ndipo ikawa kazi yenye bei.

Aliyeunganisha karata na ndoa zilizovunjika kuliko wote ni Marie-Anne Lenormand, aliyezaliwa 1772 na kufa 1843. Alisema kwamba Joséphine, bibi ya Napoléon, alikuwa mteja wake. Wengi wanaona aliongeza chumvi. Kufuatana na alivyosimulia mwenyewe, polisi walimkamata mwezi wa 12 mwaka 1809, mwezi uleule Napoléon alipomwacha Joséphine. Tuseme ni kweli, kwamba malkia aliketi mbele ya karata akiuliza kama bwana yake atabaki. Kila mtu katika jumba lile alijua kwa nini ataachwa: hakumzalia Napoléon mrithi. Karata hazikuwa na neno la kumfunulia. Alichotafuta pale nadhani ni mtu wa kumwambia kinyume cha yale aliyoyajua.

Msomaji asifikiri kwamba haya ni ya wazungu tu. Mababu zetu wa Bushi walikuwa na mulaguzi, na mtu aliyepotelewa na ng'ombe ao na bibi alikwenda kwake. Pwani, Mombasa na Unguja, wanapiga ramli. Neno lenyewe ni mchanga kwa Kiarabu. Mtabiri anachora nukta, moja ao mbili kwa mstari, mistari minne, na hapo zinapatikana sura 16. Elimu hiyo ilisafiri hata Madagaska, wanakoiita sikidy, na Ulaya pia waliipokea kutoka kwa Waarabu miaka mingi mbele ya karata. Leo Bukavu kuna vyumba vya maombi ambako nabii anafunga macho na kukuambia habari za mtu aliye mbali. Njia ni tofauti, swali ni lilelile. Na wengi wanakwenda usiku, kama mfalme Sauli alivyokwenda kwa mwanamke wa Endori baada ya yeye mwenyewe kufukuza waaguzi nchini.

Sasa, je, mtu anasoma nini katika karata? Nimesikiliza ile sauti ya dakika nne mara tatu, daftari mkononi. Karata ya kwanza ni «yaliyopita», ya pili «ya sasa», ya tatu «yanayokuja». Moyo uliochomwa: umeumizwa. Mtu anayeondoka: kuna mtu ameondoka. Mtumbwi: kutakuwa safari, na baada ya safari utulivu. Nani anayetuma dola tano kwa mtabiri wa mapenzi ambaye hajaumizwa na hajaachwa? Na katika Kivu ya leo, ni nani asiye na safari? Zaidi ya hayo, mama mwenyewe, kabla ya kupewa jibu, alikuwa ametuma ujumbe mrefu wa sauti akieleza ugomvi, tarehe, hata jina la mtaa. Sehemu kubwa ya «ufunuo» ni maneno yake yaliyorudishwa kwake yakiwa yamevikwa joho jekundu.

Mwaka 1948 huko Marekani, mwalimu wa elimu ya nafsi, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi 39 karatasi inayoeleza tabia ya kila mmoja, akawaomba waseme kama imewapata, kuanzia 0 mpaka 5. Wastani ulipita 4. Kisha akawaonyesha kwamba wote walipewa karatasi moja, na maneno yake aliyatoa katika kitabu cha nyota cha kuuzwa barabarani. Wale walikuwa wanafunzi, wameshiba, hakuna aliyepotelewa na mtu. Basi je, mama aliyekaa miezi bila habari?

Nitakuwa mkweli: watabiri wengine ni wasikilizaji wazuri. Mama aliniambia kwamba ule usiku alilala mara ya kwanza baada ya majuma, kwa sababu mtu alimsikiliza bila kumwambia vumilia. Kwa dola tano, sijui kama sisi wengine tumempa zaidi.

Lakini neno moja katika ile sauti silisamehe: «mwanamke wa karibu na nyumba yako». Mama alikuwa tayari na jina la jirani kichwani. Jirani yule ni mjane, anauza sombe, na tangu siku ile hawakusalimiana. Sisi wa Kivu ya Kusini tunajua njia hiyo inaishia wapi. Mwaka 2021, huko Kalehe, wanawake waliuawa kwa kuitwa walozi, na nyuma ya vifo vile mulikuwa maneno ya watu wanaojiita waonaji, wale wanaoitwa bajakazi. Mtabiri wa simu yuko mbali na pengine hajui hata Nyangezi iko wapi. Anatupa neno, anapokea dola ishirini, na sisi tunabaki na jirani.

Mama aliuliza swali moja, lakini ndani yake muna mawili. La kwanza: yuko hai, na yuko wapi? La pili: angali ananitaka? Karata zinajibu yote mawili kwa pamoja, na ndiyo sababu zinapendeza. Lile la kwanza lakini lina watu wanaolifanyia kazi, na lina historia yake.

Katika vita ya 1914, Shirika la Msalaba Mwekundu lilifungua Geneva ofisi ya kutafuta wafungwa na waliopotea. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliandika mamilioni ya fishi: jina, kikosi, mahali alipoonwa mwisho. Fishi hizo zingali zimehifadhiwa. Nazo ni karata, ukipenda, ila kila moja ina jina la mtu mmoja tu na haimfai mwingine.

Na redio. Wenye umri wangu tulikuwa watoto mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Bukavu. Mwaka ule BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichoitwa Gahuzamiryango, maana yake kinachounganisha jamaa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma majina ya watu wanaotafutana. Mwezi wa 8 Redio Agatashya, iliyoanzishwa na waandishi wa habari wa Uswisi, ilianza kusikika kutoka Bukavu penyewe, mpaka vita ya 1996 ilipoinyamazisha. Jina, jina la baba, kijiji, na unatafutwa na nani. Hakuna kazi ya redio isiyo na sifa kama hiyo, na hakuna ninayoiheshimu zaidi.

Swali la pili ni la bwana peke yake kulijibu. Hapa kwetu hata si lake peke yake, kwa sababu ng'ombe walitoka kwa baba yake wakaingia kwa baba ya bibi, na jamaa mbili zina neno la kusema kabla ya mtu yeyote kusema ndoa imekwisha. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Familia ya 1987 ina vifungu juu ya mtu ambaye hajulikani aliko. Mlango wake ni tribunali. Najua tribunali siku hizi ni neno gumu. Lakini mama anayetaka kujua kama yeye ni bibi, mjane ao mwanamke huru ana haki ya kujibiwa na wanaopaswa kumjibu.

Tulikwenda pamoja kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Barua yao ni karatasi ya wazi, yenye habari za jamaa tu, hakuna siasa ndani, na hailipishwi. Mama aliandika habari za watoto kwa haraka. Mistari juu ya ugomvi aliiandika, akaifuta, akaiandika tena. Jibu halijafika. Dola ishirini hakuzituma, na jirani amemsalimia, ingawa hajamweleza kwa nini alimnunia.

Kwa jamaa zilizo Bukavu, Uvira, ama ng'ambo ya Ruzizi katika kambi ya Musenyi na kwingineko: ukitaka kumtafuta mtu, andika majina yake yote, jina la baba na la mama, kijiji alikozaliwa, mahali na siku alipoonwa mara ya mwisho, na alikuwa na nani. Usitie namba ya simu katika tangazo la kusomwa hewani; iache kwa anayepokea tangazo. Na kama mtu wako alikuwa na sababu ya kujificha, sema mapema, kabla jina lake halijasomwa, kwa sababu redio inasikilizwa na kila mtu.