Tarafa ya Nyumba Zenye Kufuli: Habari za Lake of Bays, Kanada

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Mhariri amekuwa akitusihi tuandike makala za historia, si masimulizi ya mechi na adhabu za bwenini peke yake. Leo nimetii. Wale wa darasa langu mtakumbuka jinsi tulivyokariri habari za Kanada katika somo la jiografia: ngano ya Prairie, mbao za British Columbia, njia ya meli ya Mto St. Lawrence. Tulichora ramani kwa penseli za rangi. Sehemu kubwa ya kaskazini ya Toronto tuliipaka kijani, tukaandika neno moja tu, "misitu", tukapata alama zetu, tukaenda kula.

Mwaka juzi binti yangu anayeishi Toronto alinipeleka ndani ya kijani kile. Tulikwenda kwa gari zaidi ya kilomita 200 kuelekea kaskazini, hadi tarafa iitwayo Lake of Bays, wilaya ya Muskoka, jimbo la Ontario. Nasema tarafa kwa kuwa ndilo neno letu lililo karibu zaidi. Ina baraza lake, kodi zake, na vijiji vichache kama Dwight, Baysville na Dorset. Katika sensa ya mwaka 2021 wakazi wake hawakufika 4,000, yaani watu watano au sita hivi kwa kila kilomita moja ya mraba.

Hapo Dorset upo mnara wa chuma wa kutazamia moto wa msituni, wenye urefu wa futi 100. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1922, na huu wa sasa mwaka 1967. Nilipanda, ingawa magoti yalinikumbusha umri wangu. Kutoka juu niliona ziwa lenye ghuba nyingi, visiwa, na msitu usio na mwisho. Kando ya maji nyumba nzuri za mbao zilikuwa nyingi, kila moja na gati lake dogo. Lakini ilikuwa mwezi wa Oktoba, na sikuona moshi ukitoka katika nyumba hata kumi. Nikamwuliza binti yangu, "Wenyewe wako wapi?" Akanijibu, "Baba, wenyewe wako mjini. Hizi ni nyumba za likizo."

Jibu lile lilinifanya niulize habari za mahali pale tangu mwanzo. Nimegundua kwamba utupu ule nao una historia yake.

WENYEJI WA KWANZA

Kabla ya ramani zote, ziwa hili lilikuwa la Waojibwe, ambao wenyewe hujiita Anishinaabe. Walisafiri kwa mitumbwi ya maganda ya miti, wakiwinda na kuvua kwa majira, na palipo na nchi kavu kati ya ziwa na ziwa waliibeba mitumbwi yao begani. Kisiwa kikubwa cha ziwa hili kinaitwa Bigwin. Hilo ni jina la ukoo wa Kiojibwe, na wazee wao wamezikwa humo. Ninyi mnaotoka pande za kwetu Bukoba mtaelewa mara moja. Mahali penye makaburi ya babu zako hapawezi kuitwa pori.

Hata hivyo ndivyo palivyoitwa. Mwaka 1837 alipita David Thompson, mpimaji mashuhuri, akitafuta njia ya mfereji kutoka Ziwa Huron hadi Mto Ottawa. Mwaka 1853 alifuata Alexander Murray, mtaalamu wa miamba, akayapa maziwa mengi majina ya Kiingereza. Baada ya wapimaji zikaja barabara, na baada ya barabara ikaja sheria.

EKARI MIA MOJA ZA BURE

Mwaka 1868 Bunge la Ontario lilipitisha sheria ya kugawa ardhi bure. Mtu yeyote aliyetimiza miaka 18 aliweza kuomba ekari 100, na mkuu wa familia ekari 200. Masharti yalikuwa haya: afyeke na kulima ekari 15 katika miaka mitano, ajenge nyumba isiyopungua futi 16 kwa 20, na akae hapo si chini ya miezi sita katika kila mwaka. Miti ya misonobari haikuwa yake. Serikali iliihifadhi na kuwakatia leseni wafanyabiashara wa mbao.

Nawaombeni mlishike vizuri sharti lile la miezi sita. Nitalirudia.

Watu walikuja kutoka Uingereza, Uskochi, Ireland na kusini ya Ontario yenyewe. Wengi walikuwa maskini ambao hawakuwahi kumiliki hata bustani, na kwao ekari 100 zilikuwa utajiri wa kabaila. Walichokikuta chini ya majani kilikuwa mwamba. Nchi ile imekaa juu ya jabali kubwa la kale, lenye umri unaozidi miaka milioni elfu moja, na barafu nene ya zama za kale iliusomba udongo wake na kuacha tabaka jembamba. Mlowezi alifyeka miti, akachoma visiki, akapata mavuno mazuri ya mwaka wa kwanza na wa pili kwa nguvu ya majivu. Kisha jembe likaanza kugonga jiwe. Majira ya kupanda ni mafupi, na jalidi huweza kurudi wakati mazao bado machanga.

Sisi tuliosoma habari za mpango wa karanga wa Kongwa hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Pale nako, kuanzia mwaka 1947, wakubwa walipanga mashamba kwenye karatasi kabla ya kuuliza udongo na mvua, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Tofauti ni kwamba kule Kongwa hasara iliangukia hazina ya Uingereza, lakini Muskoka iliangukia baba, mama na watoto, kila familia kivyake, katikati ya msitu.

Basi wengi waliondoka. Manitoba na nchi za magharibi zilipofunguliwa, na hasa baada ya reli ya kuvuka Kanada kukamilika mwaka 1885, walowezi waliuza walichoweza kuuza wakaenda kulima udongo mweusi usio na mawe. Kumbe baadhi ya wale wakulima wa ngano ya Prairie tuliowakariri darasani walikuwa watu waliokimbia mawe ya Muskoka! Nyuma yao zilibaki kuta za mawe yaliyookotwa mashambani, na leo ukitembea msituni unaweza kuzikuta zimezungukwa na miti mikubwa, hazizuii ng'ombe wala mbuzi.

Kuna jambo moja zaidi. Ardhi hiyo iligawiwa bure kuanzia mwaka 1868, lakini mikataba iliyodai kuichukua sehemu kubwa yake kutoka kwa wenyeji, iitwayo Mikataba ya Williams, ilitiwa saini mwaka 1923. Yaani mali iligawiwa kwanza, mwenye mali akaitwa miaka 55 baadaye. Na baada ya saini hizo wenyeji walinyimwa hata haki ya kuwinda na kuvua kama zamani. Jamii saba zilizohusika zilidai haki yao kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2018 serikali za Kanada na Ontario zilipokubali kuwalipa dola milioni 1,110 za Kanada na kuwaomba radhi. Mwaka huo huo wa 1923 ndio Waingereza walipotunga Sheria ya Ardhi ya Tanganyika, iliyoitangaza ardhi yetu yote kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Sidhani kwamba maofisa wa huku na wa kule waliandikiana barua, lakini wote walikuwa wamehitimu shule moja ya mawazo.

MELI, TRENI FUPI, NA WAGENI

Mlowezi aliyebaki aliishi kwa nini? Kwanza kwa mbao. Wakati wa baridi alikwenda kambini kukata miti ya kampuni, na theluji ilipoyeyuka magogo yalielea mtoni hadi kwenye viwanda vya mbao. Maganda ya miti mingine yaliuzwa kwa viwanda vya kutengeneza ngozi katika miji ya Huntsville na Bracebridge. Baadaye aliishi kwa wageni. Watu wa miji ya Kanada na Marekani walianza kuja kuvua samaki na kupunga hewa, na mkulima aliyeshindwa kuuza viazi mjini akaona mnunuzi wa viazi amemfuata mlangoni.

Sisi tuliokuwa tukivuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba hadi Mwanza, tukilala juu ya masanduku yetu ya shule, tungeyaonea raha maisha ya wakati ule. Wageni walifika Huntsville kwa treni, wakapanda meli ya moshi, na walipofika mwisho wa maji walikuta treni nyingine ndogo ya kuwavusha hadi Lake of Bays. Reli hiyo ilikuwa na urefu wa maili moja na kitu, yaani kilomita 1.8 tu. Ilipita karibu na njia ile ile ambayo Waojibwe walikuwa wakibebea mitumbwi. Ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 na ikafungwa mwaka 1959.

Mwaka 1920 tajiri wa kiwanda cha ngozi cha Huntsville, C. O. Shaw, alifungua hoteli ya fahari katika kisiwa cha Bigwin, ile ile ardhi ya makaburi. Matajiri walicheza dansi humo kwa miaka mingi. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili kila mwenye kazi nzuri alinunua gari, barabara zikawekwa lami, na mtu mwenye gari hakutaka tena chumba cha hoteli. Alitaka kiwanja chake mwenyewe kando ya maji. Meli zikastaafu, treni ikasimama, hoteli ikafa. Ndipo zikaja nyumba za likizo. Tarafa yenyewe iliundwa mwaka 1971 kwa kuunganisha tarafa ndogo za zamani.

Hivi leo zaidi ya nusu ya nyumba zake hazina mkazi wa kudumu. Wenye nyumba hizo si watu wabaya. Wanalipa kodi, na sheria ya Ontario inawaruhusu raia wenye mali pale kupiga kura ya baraza ingawa wanaishi kwingine. Lakini bei ya ardhi imepanda hata fundi seremala anayezijenga nyumba hizo, na kijana anayezoa theluji barabarani, hapati pa kulala. Na sasa nalirudia lile sharti la mwaka 1868. Mlowezi maskini alitakiwa akae miezi sita kwa mwaka, la sivyo ananyang'anywa. Wengi wa wenye nyumba wa leo wangeshindwa mtihani huo asubuhi na mapema.

NA SISI JE?

Niliposhuka mnarani nilikuwa tayari kuwacheka Wakanada. Kisha nikakumbuka kwamba nami ninayo nyumba katika kibanja cha marehemu baba yangu. Ina bati la rangi, vyumba vinne, na veranda inayotazama ziwa. Nimeijenga kwa jasho la miaka kumi na minane. Inafunguliwa siku ya 20 Desemba na kufungwa siku ya 3 Januari. Siku nyingine zote ina kufuli, na ufunguo uko kwa mtoto wa mdogo wangu. Jirani yangu wa kulia yuko Mwanza, wa kushoto yuko Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Kilimanjaro nao wanaijua hali hii. Kule Muskoka mwamba ndio uliowafukuza wakulima. Sisi udongo wetu bado unatoa ndizi, na hakuna aliyetufukuza.

Shule ya msingi niliyosomea iko umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye nyumba hiyo, na mwalimu wake mmoja alikuwa akitembea saa nzima kila asubuhi kwa kukosa pa kupanga. Tangu Januari iliyopita anakaa kwangu na mkewe na watoto wawili. Hanilipi kitu. Anapalilia migomba na kufagia makaburi ya wazee. Mdogo wangu hakupendezwa, akaniuliza tutalala wapi Krismasi. Nilimjibu kwamba vyumba ni vinne.

Siwahubirii. Kila mtu anajua mambo ya ukoo wake. Ila tutakapokutana kwenye mkutano wetu wa mwaka, kabla hatujaanza kusimuliana nani kajenga nini na wapi, napendekeza kila mmoja atuambie kwanza nani analala katika nyumba hiyo.

Wenu katika undugu wa shule yetu,
Mwanafunzi wa zamani, mkondo wa B