Mlezi, Mzazi na Mpelelezi: Siri ya Nasaba katika Riwaya ya Upelelezi

Riwaya ya upelelezi inayomhusu mtoto aliyeasiliwa haiwezi kueleweka vyema pasipo kuangalia historia ya sheria. Katika England na Wales, kuasili mtoto kulitambuliwa kisheria kwa mara ya kwanza kwa sheria ya mwaka 1926. Mtoto alipata wazazi wapya, na kumbukumbu zilizomuunganisha na wazazi wake wa damu zikafungwa. Siri ya familia ikawa pia siri ya dola.

Mwaka 1958 Agatha Christie alichapisha Ordeal by Innocence. Rachel Argyle, tajiri aliyelea watoto watano wasio wa damu yake, ameuawa. Mmoja wao, Jacko, amehukumiwa na kufia gerezani. Ndipo Arthur Calgary, mwanasayansi aliyekuwa Antaktika, anaporejea na ushahidi kwamba Jacko hakuwapo mahali pa mauaji. Calgary si askari, wala upelelezi si kazi yake. Anatarajia shukrani, lakini anaikuta familia imejawa na hofu, kwani sasa kila mmoja anamshuku mwenziwe. Chini ya fumbo la mauaji lipo swali jingine: je, ukarimu wa mlezi waweza kufuta asili ya mtoto?

Sheria ya mwaka 1975 iliwapa watu wazima walioasiliwa katika England na Wales haki ya kupata taarifa za cheti chao cha awali cha kuzaliwa. Katika Innocent Blood (1980), P. D. James anamwonyesha Philippa, msichana wa miaka 18, akiitumia haki hiyo na kugundua kwamba mama yake mzazi yumo gerezani kwa kosa la kuua mtoto. Hapa mtafutaji ni mtoto mwenyewe, na ukweli anaoupata unamwangukia yeye.

Katika fasihi ya Kiswahili, mpelelezi asiye askari anafahamika zaidi kupitia Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Mazingira yake ni Unguja, ambako sheria ya Kiislamu inahimiza kulea yatima lakini hairuhusu nasaba ibadilishwe. Mtoto wa kulea hana fungu katika mirathi ya mlezi, ingawa aweza kuusiwa mali isiyozidi theluthi. Katika jamii ya namna hii, kuficha nasaba kunagusa mirathi na ndoa pia, maana ndugu wasiojuana waweza kuposana.

Lugha yenyewe inaitunza tofauti hii. Kulea ni kutunza, na asili ya mtoto hubaki ilivyo. Kuasili, kitenzi kinachotokana na nomino asili, ni kumpa mtoto asili nyingine. Mpelelezi wa riwaya hizi husimama baina ya vitenzi hivyo viwili. Akinyamaza, mtoto hunyimwa haki ya kujijua. Akisema, huenda nyumba iliyomlea ikavunjika.