Kisu si njia ya mkato: historia fupi ya sahani baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mtu maarufu akipungua mwili, maneno ni yale yale. "Huyo amepitia njia ya mkato." "Hiyo ni pesa, si jasho." Mimi nimechoka na hii story. Sitetei matajiri, wana watu wao wa kuwatetea. Shida yangu ni kwamba ukiangalia historia ya huu upasuaji, ni uongo. Niliacha chuo mwaka wa pili lakini kusoma sikuacha, kwa hivyo nivumilieni turudi nyuma kidogo.

Tuanze Vienna, Austria, Januari 1881. Daktari anaitwa Theodor Billroth, mgonjwa ni mama wa miaka 43 mwenye saratani mwishoni mwa tumbo, pale chakula kinapoingilia utumbo. Billroth akakata ile sehemu mbaya, akashona kilichobaki. Madaktari wengine walikuwa wamejaribu hiyo kitu na wagonjwa wakafa. Huyu mama kidonda kilipona, akaishi karibu miezi minne kabla saratani kurudi kummaliza.

Sasa swali ambalo hakuna mtu alikuwa na jibu lake la uhakika: mtu aliyekatwa tumbo analishwa nini? Walimpa maziwa yaliyoganda, kijiko kimoja kimoja. Ndio, mala. Kabla ya hizi poda za protini za maelfu ya shilingi, chakula cha kwanza cha mtu mwenye tumbo lililokatwa kilikuwa kitu ambacho nyanya yako anakijua vizuri.

Baadaye upasuaji wa aina hiyo ukawa wa kawaida kwa watu wenye vidonda vya tumbo, na madaktari wakaanza kuona mambo. La kwanza, wengine wakishakula wanatoka jasho, moyo unadunda, kizunguzungu, tumbo linasokota, halafu mbio chooni. Kufikia 1922 hali hii ilikuwa na jina la Kiingereza, "dumping", yaani chakula kinamwagwa kwa utumbo kwa mpigo badala ya kupita pole pole. Sukari ndiyo huwa mchokozi mkubwa. La pili, wengi wao walibaki wembamba, hata wakitaka kunenepa.

Hilo la pili mliweke akilini, tutalirudia. Kwanza tupitie mkosi wenyewe.

Mwaka 1954, madaktari wa Minnesota, Marekani, walitangaza njia ya kuruka utumbo. Hata tumbo halikuguswa. Waliunganisha mwanzo wa utumbo mwembamba na sehemu ya karibu na mwisho, chakula kikate kona kama gari linalokwepa jam ya mjini kwa baipasi. Miaka ya 60 na 70 njia hii ilishika sana. Utumbo mwembamba una mita kadhaa, lakini kwa mtindo mmoja uliopendwa, chakula kilipita kama sentimita 45 tu. Ahadi ilikuwa tamu: kula unavyotaka na bado utapungua.

Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya mkato ya kweli, na iliumiza watu. Kuhara kusikoisha. Mawe kwenye figo. Upungufu wa vitamini na madini. Wengine ini lilikufa na wao wakafuata. Kufikia miaka ya 80 njia hiyo ilikuwa imeachwa, na wengi waliofanyiwa ikabidi warudi wakafunguliwe. Mwili ulikataa mpango wa kubadilisha mabomba huku sahani ikibaki vile ilivyokuwa.

Sasa lile jambo la pili. Edward Mason, daktari wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Iowa, aliliangalia kwa makini: kama waliokatwa tumbo kwa sababu ya vidonda hawanenepi, kwa nini tusitumie hiyo kwa wenye uzito wa kuhatarisha maisha? Mwaka 1966, yeye na mwenzake Chikashi Ito wakaanza: wakatenga kifuko kidogo juu ya tumbo, wakakiunganisha na utumbo. Baipasi za tumbo za leo zimetoka hapo. Tofauti na ile ya Minnesota ni kwamba hii inakulazimisha ubadilishe namna ya kula. Ukila haraka unatapika. Ukinywa soda unajuta.

Kisha kukaja majaribio yaliyofundisha kitu kingine. Miaka ya 70 kuna watu walifungwa taya kwa waya wasiweze kutafuna. Walipungua kweli, lakini waya ukitoka, kilo zinarudi. Miaka ya 80 ikaja njia ya kubana tumbo kwa pini na mkanda. Wali mkavu na nyama vikawa vinakwama, lakini malai na vinywaji vya sukari vinateleza tu. Watu wakahamia kwa vinavyoteleza, na uzito ukarudi. Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Mtu hula kinachopita.

Leo upasuaji unaofanywa sana ni ule wa kuondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, libaki kama bomba. Hata huo ulianza kama hatua ya kwanza ya upasuaji mkubwa zaidi, mpaka madaktari wakaona wagonjwa wengi wanapungua vya kutosha hapo hapo. Ile sehemu inayotolewa ndiyo inatengeneza kwa wingi homoni ya njaa, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Kwa hivyo miezi ya kwanza shida mara nyingi si njaa. Shida ni kukumbuka kula wakati mwili hauitishi.

Hebu tuweke hiyo kwa meza ya Kenya. Kila hospitali ina ratiba yake lakini mpangilio unafanana: kwanza maji na supu iliyochujwa, halafu maziwa, mala na uji mwepesi usio na sukari, halafu vilivyopondwa kama ndengu, halafu vilaini kama yai na samaki, na karibu mwezi wa pili chakula cha kawaida kidogo kidogo. Unaambiwa upate protini gramu 60 au zaidi kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Piga hesabu: mayai kumi, na tumbo linajaa kwa vijiko vichache. Kwa hivyo protini inaliwa kwanza, na ugali unapata nafasi ikibaki. Kula na kunywa havichanganywi, unangoja kama nusu saa. Yaani chai na mandazi pamoja, kwaheri. Nywele zinaweza kuanza kung'oka mwezi wa tatu au wa nne. Na vitamini ni za maisha, si za mwezi mmoja.

Auntie yangu mmoja alifanyiwa. Mwezi wa tano tulikuwa kwa ruracio, akapakua vijiko vitatu vya ndengu na kipande cha kuku. Mama mmoja akampokonya sahani kwa upendo kabisa, akaijaza mokimo na chapati. "Kula mama, umekonda, watu watasema nini?" Auntie akasema ameshiba. Meza ikanyamaza, kisha ikaanza kunong'ona: anaringa, pesa imemwingia kichwani. Akala ili waache. Aliyatapika yote nyuma ya tenti, na mimi ndiye nilimshikia kitenge.

Kwetu kukataa chakula ni kama kumkataa aliyekipika, najua, na sitaki hiyo ife. Lakini kutapika mara kwa mara baada ya huu upasuaji si aibu tu. Kunaweza kumaliza vitamini B1 mwilini na kuharibu ubongo. "Ongeza kidogo" yako inaweza kumlaza mtu hospitali.

Kwa hivyo kama unafikiria upasuaji, usiulize bei ya kisu peke yake. Uliza nani atakupimia damu mwaka ujao, vitamini zitakugharimu ngapi kwa mwezi, na nani nyumbani anajua utakuwa unakula nini. Na kama wewe ndiye unapakua, mpe bakuli ndogo, muachie kijiko, na akisema ameshiba, amini.