Lulu za Dubai na imani ya matajiri

Jamani, juzi tulikuwa tumekaa Deira kando ya Khor, tunatazama abra zikivuka, jamaa yangu wa Mombasa akaleta lake. Eti dunia haihitaji migomo wala sheria kali. Matajiri wakiingiwa na imani, wanyonge watapata haki zao kwa amani. Nikamwambia atazame hayo maji yaliyo mbele yetu.

Kabla ya mafuta, Dubai ilikula kwa lulu. Kila kiangazi, kwa miezi kama minne, majahazi yalitoka hapa yamejaa wapiga mbizi. Mpiga mbizi alichukua kwanza pesa za kuachia nyumbani, na kila alichochukua kiliandikwa kwenye daftari la nahodha. Wengi hawakujua kusoma. Msimu unaisha, lulu zinauzwa, hesabu inapigwa, deni bado lipo! Akifa, watoto wanalirithi. Na nahodha mwenyewe alikuwa amekopa kwa mfanyabiashara, kwa hiyo hata awe na roho nzuri namna gani, kufuta deni la mtu ni kujizamisha mwenyewe.

Kati ya wapiga mbizi hao walikuwamo watu wetu, watumwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Jasho lao, ujira wa bwana. Masheikh wa huku walikubaliana na Waingereza mwaka 1847 kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini, lakini waliendelea kuletwa.

Hapo mwenzangu akanibana: dini si inahimiza kumwacha mtumwa huru? Kweli kabisa, ni thawabu kubwa. Huku na Unguja wapo mabwana waliofanya hivyo, wengine wakiwa kitandani wanangoja mauti. Sibezi, maana kwa aliyeachwa huru ilikuwa ni maisha mapya. Ila huyu akiachwa, mwingine ananunuliwa. Mioyo ilibadilika mmoja mmoja, vizazi na vizazi, na soko likabaki wazi. Lile la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na waliolipwa fidia ni mabwana. Watumwa je? Waende wenyewe wakaombe uhuru wao!

Huku kilichovunja mambo ni bei. Mjapani Kokichi Mikimoto alishafanikiwa kufuga lulu, kisha mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukawaondoa wanunuzi. Mabwana wengine wakashindwa kulisha watumwa wao, wakawaachia. Imani hiyo au njaa? Watumwa wengine hawakungoja, walitorokea kwa wakala wa Waingereza kule Sharjah kuomba hati ya uhuru. Watawala wa falme hizi, ambazo zilikuwa bado hazijaungana, walitangaza mwisho wa utumwa mwaka 1963.

Jamaa yangu hakukubali. Akaniuliza, "Sasa wewe, kafili wako wa kwanza si alikurudishia pasipoti mwenyewe, bila kesi?"

Ni kweli. Sheria inakataza kushika pasipoti ya mtu, lakini yangu ilikuwa kabatini kwake. Mama alipofariki aliitoa mwenyewe, akanipa na nauli juu. Mpaka leo namwombea dua. Wenzangu wa chumba kile walikuwa saba, na pasipoti zao niliziona kabatini siku ile ile, akilifunga tena kwa ufunguo.