Joto la Ekzosi Lilivyowasumbua Wahandisi

Petroli inapoungua ndani ya injini ya gari, takriban theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inayofanya kazi ya kuliendesha. Sehemu kubwa ya iliyobaki huwa joto linalochukuliwa na maji ya rejeta au kutoka na moshi kwenye ekzosi. Wahandisi wamelitamani joto hilo kwa miaka mingi, na njia ya kuligeuza umeme ni kongwe kuliko gari lenyewe.

Mwaka 1821, mjini Berlin, Thomas Johann Seebeck aliunganisha vipande vya metali mbili tofauti vikafanya kitanzi, kisha akapasha moto kiungio kimoja. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Seebeck alishikilia kwamba joto limezaa sumaku. Hans Christian Ørsted wa Denmark ndiye aliyetambua kuwa ndani ya kitanzi mlikuwa mnapita umeme. Hapakuwa na gurudumu wala mvuke. Ilitosha upande mmoja uwe moto na wa pili uwe baridi.

Tatizo ni kwamba metali hupitisha joto kirahisi kama zinavyopitisha umeme, kwa hiyo upande wa baridi nao hupata moto upesi. Kilihitajika kitu kinachoruhusu umeme na kuzuia joto. Abram Ioffe, mwanafizikia wa Leningrad, alikitafuta kwenye semikondakta. Kutokana na kazi hiyo, katika miaka ya 1950 vijiji vya Kisovieti visivyokuwa na nyaya za umeme vilipata taa ya mafuta iliyovikwa mapezi ya metali juu ya chimni: mwali uleule uliomulika chumba uliendesha redio. Aliyekulia kwenye mwanga wa chemli atajua thamani ya kifaa hicho, nami sioni kingine katika historia hii kilichowafaa watu wa kawaida kiasi hicho.

Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa 1977, navyo hupata umeme kwa njia hiyo, joto likitoka kwenye plutoniamu.

Kwenye magari mambo yalikuwa magumu. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Hi-Z ya Marekani iliunda jenereta ya kilowati 1 kwa ajili ya malori ya dizeli. Baada ya 2004, serikali ya Marekani ilifadhili majaribio yaliyowashirikisha BMW, Ford na General Motors. Vifaa vilifanya kazi, lakini havikuenea sokoni. Viligeuza asilimia chache tu ya joto, viliongeza uzito, na kuupunguzia moshi nafasi ya kutoka. Teluri, madini yanayotumika sana humo, ni adimu. Tena altaneta ya kawaida, inayolizalishia gari umeme, ni ya bei nafuu mno hivi kwamba ni vigumu kuishinda.

Naona juhudi zielekezwe kwenye meli na malori ya safari ndefu. Injini zake hunguruma saa nyingi kwa mwendo usiobadilika sana, hivyo viungio havichoshwi na joto la kupanda na kushuka kama la gari lililo kwenye foleni ya mjini, na kwenye meli maji ya kupozea upande wa pili yamejaa pande zote.